Kitambaa cha Mto wa Wilda

Kaka yangu Dorsey alirithi gobore la baba, lenye mitutu miwili, lililoundwa kupigia ndege. Ndani ya mitutu ni laini tupu. Ukishindilia humo risasi moja kubwa ya duara, ya kuulia kulungu, inatoka inavyotaka yenyewe.

Desemba ya mwaka juzi ilitoka ikamvunja kulungu jike mguu wa nyuma. Mimi na Dorsey tulimsaka kutwa nzima mlimani, theluji ikafuta damu. Kumbe mnyama alikuwa amejikokota hadi nyuma ya nyumba ya Dorsey, akaanguka karibu na chemchemi. Aliyemwona ni wifi yangu Wilda, aliyekuwa kitandani na saratani yake, dirisha likiwa mbele ya uso. Alimtazama akihangaika kufa tangu asubuhi mpaka tuliporudi jioni.

"Dorsey," alisema baada ya mumewe kummaliza yule mnyama, "ama ujifunze bunduki hiyo, ama uitundike. Usimtese mwingine."

"Nakuapia, mke wangu."

Aprili tukamzika.

Nilimwambia kaka auze hilo gobore, anunue bunduki ya kisasa kama watu wengine wote wa West Virginia. Akanitazama kana kwamba nimemwambia amuuze baba. Basi kiangazi kizima ikawa ni milio malishoni. Sahani ya karatasi kwenye shina la mti, hatua hamsini, Dorsey na kipimo chake cha baruti. Alipunguza baruti, akaongeza, akapunguza tena. Risasi moja juu, nyingine kushoto, ya tatu Mungu ndiye ajuaye.

Tatizo lilikuwa kitambaa. Risasi ya duara huvishwa kipande cha nguo kilichopakwa mafuta, ili iukamate mtutu isichezecheze. Kila alipopiga, Dorsey aliinama nyasini kukitafuta kipande na kukisoma kama daktari. Shuka ziliungua katikati. Suruali ya kazi ilikuwa nene, risasi ikagoma kushuka. Kitambaa kipya cha mistari, kile cha kushonea mifuko ya mito, kilichanika kama kimetafunwa na panya.

"Hata hiki?" nilimcheka. "Labda ujaribu soksi zako. Zile hata moto unaziogopa."

"Neva, kama huna la maana, nenda kapike."

"Nimepika. Umeacha maharage yangu yapoe kwa ajili ya matambara!"

Alikuwa amekonda. Niliona wazi kwamba asipoipata shabaha ile kabla ya Desemba, nitakuja kumzika na yeye. Ndiyo sababu nilifanya nilichofanya, na sijitetei.

Oktoba, nikisafisha nyumba yake, nilifungua sanduku lililo chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mto wa zamani, umepasuka, una madoa. Mfuko wake ulikuwa wa kitambaa cha mistari cha zamani, kizito, kile ambacho maduka hayauzi tena. Manyoya niliyachoma. Kitambaa nikakichemsha kwa sabuni mara mbili, kama tufanyavyo siku zote ili kilainike. Katikati kilikuwa kimeoza. Pembeni nilipata vipande sita vizima.

Alasiri hiyo hiyo Dorsey alipiga vitano. Matundu yote matano kwenye sahani yangefunikwa na kifuniko kimoja cha chupa ya matunda. Alivikuta vipande nyasini vizima, vina duara jeusi tu, akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Tukaingia jikoni, akavitupa vyote vitano ndani ya jiko la kuni, kama matambara mengine yaliyokwisha kazi, akanishika mabega.

"Dada, umeniokoa! Umekitoa wapi?"

"Kwenye sanduku lako. Ule mto mkuukuu."

Mikono yake ikateleza kutoka mabegani kwangu. Alifungua mlango wa jiko, lakini mlikuwa na majivu tu.

"Alifia juu ya mto ule, Neva," alisema. "Sikuwahi kuufua. Kila usiku nilikuwa nikiutoa sandukuni nikiulalia. Ulikuwa bado una harufu yake."

Nililia mbele yake bila haya. Hakunifokea, na heri angenifokea. Alichukua kile kipande cha sita, akakiweka ndani ya Biblia.

Desemba, siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kwa magobore, nilimkuta mlangoni, bunduki begani, kipande mkononi.

"Kiache, kaka," nilimsihi. "Kimebaki hicho hicho."

"Wilda hakuniambia nitunze mto. Aliniambia nijifunze bunduki."

Nikamfuata. Mchana, bondeni, alitokea kulungu jike, akasimama ubavu hatua kama arobaini. Dorsey alisubiri mpaka nikadhani ameghairi. Kisha akapiga. Moshi ulipoondoka, mnyama alikuwa chini, hapo hapo aliposimama, hata mguu haukutikisika.

"Umempata, Dorsey! Amekufa papo hapo!"

Hakunisikia. Hakumtazama hata kulungu. Alikuwa amepiga magoti thelujini, hatua chache mbele ya pale alipopigia, anapekua kwa mikono mitupu.

Nilimpasua mnyama mimi, nikamsafisha, nikamfunga kamba. Niliporudi alikuwa bado anatafuta, vidole vimekuwa vyekundu. Nikapiga magoti kando yake. Jua lilikuwa limeanza kuzama nyuma ya mlima nilipokiona, kimenasa kwenye kichaka cha miiba, kizima, kina duara jeusi katikati.

Nilimpa. Akakiweka puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Kina harufu yake?" niliuliza, nikijua vizuri ni mikono ya nani iliyokichemsha.

"Baruti," alisema. Akakinusa tena.