Lungo Lililojifunza Ngurumo

Madame Adelaïde aliweka lungo la kupepetea, lenye maharagwe, juu ya meza na kuwaambia wanafunzi wa huitième, darasa la nane, wanyamaze. Lilikuwa somo la akili bandia. Shule ya Kibua haikuwa na umeme wala kompyuta, kwa hiyo walifundisha lungo.

Kazi ilikuwa rahisi. Kila ngurumo iliposikika kutoka milimani, wanafunzi waliliambia: "Radi," au "Masasi," yaani risasi. Kabla kiangazi hakijaisha, lungo lilijua. Kwa radi maharagwe yalitulia. Kwa risasi yaliruka. Kijiji kikaanza kukimbia kwa kulitazama. Mama Kanyere, muuza maharagwe, alilalamika tu kwamba yanapasuka.

Adelaïde alilihitaji kuliko wote. Binti yake Noëlla, wa darasa hilohilo, alikuwa amepigwa risasi pajani. Kila walipokimbia alimbeba mgongoni. Muuguzi alisema kidonda kikifunguka tena, mguu utakatwa.

Mvua zikarudi. Radi ya kwanza ilipopiga, maharagwe yaliruka. Kijiji kililala porini, kikalowa bure. Kidonda kilivuja, hakikufunguka.

Kesho yake Jean-Bosco, mwanafunzi wa dawati la mbele, alicheka. "Madame, lungo yako iko muoga kupita Mama Kanyere!"

"Haiko muoga. Inarudisha tu yenye tuliifundisha. Kiangazi yote ilisikia masasi, radi kidogo tu. Sasa inaomba mifano ya kutulia. Kila mutu aiambie siku moja yenye hakusikia masasi."

"Noeli!" akasema Jean-Bosco.

"Noeli walipiga masasi juu, weye," darasa likamjibu.

Noëlla akainua mkono.

"Mama, siku nilizaliwa?"

"Hapana," akasema Adelaïde. "Kitovu yako nilikatia njiani, tukikimbia."

Hakuna mkono mwingine uliopanda.

Ngurumo ikapiga. Maharagwe yakaruka. Adelaïde alijua ni radi. Lakini alijua hivyo pia siku ile Noëlla alipopigwa.

Alimfunga mgongoni kwa kitenge, akaweka lungo kichwani, akatoka. Wanafunzi waliokota maharagwe yaliyoanguka. Kidonda kilifunguka kabla ya kufika mtoni. Nyuma yao mvua ilinyesha kijijini, mvua tu.

Jioni walichemsha maharagwe. Yaliruka ndani ya sufuria mpaka yakaiva. Adelaïde alimpakulia Noëlla kwanza, kisha akauliza barabara ya kwenda hospitali ya Walikale leo imefungwa na nani.