Fomu ya Sista Nasambu

Laban alikuwa ameshachuna mbuzi kumi na wanne kwenye machinjio ya Kiamaiko kisu kilipomchanja kidole, akashtuka hadi akaangusha kisu. Hakuogopa maumivu. Aliogopa damu yake mwenyewe.

Okoth alizikwa Machi. Kwa miaka miwili walilala kitanda kimoja wakipendana kama mume na mke, na wapangaji wote wa ploti wakaamini ni wanaume wawili wanaosaidiana kodi. Mwishowe Okoth alikonda hadi mashati yote yakampwaya. Majirani wakasema ni kifua. Sasa Desemba Laban angemwoa Triza, na hakutaka kumpelekea kifo nyumbani.

"Unaishia wapi, bro?" Makau, mchunaji mwenzake, aliuliza alipomwona akiondoka.

"Kliniki. Kidole."

"Kidole tu? Umeanza kudeka!"

Sista Nasambu wa kliniki aliimba kwaya moja na Triza. Mlango wake haukufungika, na watu wa foleni walikuwa wametega masikio. Laban alitamani kurudi kwa mbuzi wake.

"Una mke?" sista aliuliza, kalamu juu ya fomu.

"Bado, sista."

"Malaya je? Umeenda na wangapi?"

"Hata mmoja."

"Wanawake wengine?"

"Hakuna."

Sista aliweka kalamu chini, uso umemchangamka. "Bwana asifiwe! Basi wewe nikupime nini? Vifaa vya kupima Ukimwi vimebaki vichache, tunapima walio hatarini. Nenda uoe kwa amani."

Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili, na hakuna hata moja lililomfikia Okoth. Kumtaja hapa, mlango ukiwa wazi, ni kutafuta kipigo, halafu jela. Angeweza kuondoka sasa hivi, msafi machoni pa watu wote lakini bila kupimwa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Sista, nimekudanganya," alisema. "Malaya nimeenda nao. Wengi. Kila mwisho wa mwezi."

Kwenye benchi mtu alicheka. Sista Nasambu aliichukua tena kalamu.

"Na Triza wa watu?"

"Nipime tu, sista."

Sista akafuta, akaandika upya, kisha akamfunga mpira mkononi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Majibu ni baada ya wiki mbili," alisema akitafuta mshipa. "Na Triza nitamwambia mimi mwenyewe, usidhani nitanyamaza. Lakini angalau umesema ukweli."