Skrini ya Kumwona Mama

"Huyu dada ni mteja wako?" baba aliniuliza, akimwonyesha mama kwa kidole kwenye skrini.

Nilikuwa kwenye kompyuta yangu ya mezani, naisafisha picha ya mama. Ndiyo kazi yangu hiyo: watu huniletea picha zao za zamani, zilizochanika, zilizoliwa na unyevu, nami nazirudishia sura. Ya mama ya karatasi iliharibika siku bomba lilipopasuka. Iliyobaki ilikuwa ndani ya diski yangu kuukuu, nayo ilishaanza kugonga kwa ndani, ko, ko, ko, hadi nikawa naogopa kuizima. Mama mwenyewe alishatutoka. Alikuwa mke wa baba huyu huyu, wamezeeka pamoja, na leo anauliziwa kama ni mteja!

Kichwa cha baba kilikuwa kinamwacha taratibu. Alianza kusahau funguo, wakafuata majirani, akafuata kaka yangu. Lakini mama? Nilikuwa nimejiapiza kwamba mama hasahauliki. Basi nikailaumu skrini. Ungelaumu nini, wewe? Na kweli ilikuwa imechoka, inampaka kila mtu ubuluu hadi maharusi wanaonekana wagonjwa. Nani angemtambua mkewe katika hali ile? Nikasema nitanunua skrini ya maana, pamoja na diski, na baba ndiye atakayechagua. Ujana wake wote alikuwa fundi rangi wa nyumba, na macho yake bado yalikuwa mazima. Akimwona mama katika rangi zake, atamjua tu. Hilo ndilo nililolishikilia.

Duka liko ghorofani, juu ya kinyozi. Mwenyewe tunamwita Mama Waya. Madirisha yake yana mapazia mazito mchana kutwa ili skrini zionekane vizuri, hivyo ukiingia kutoka juani unabaki umesimama, huoni kitu, na kelele za barabarani zinakuwa mbali ghafla. Kisha mianga inaanza kujitokeza mmoja mmoja gizani.

"Shikamoo, baba," alisema Mama Waya.

"Marahaba, mwanangu. Mnauza taa hapa?"

"Tunauza hata ndoto, ukitaka."

Nilimpa flashi yenye picha. Akaichomeka, akabonyeza, na ukuta mzima ukajaa mama.

Mama mkubwa, mama mdogo, mama mpana. Wote wamesimama mlangoni, mkono kiunoni, mdomo umebenuka, wakimnunia mpiga picha. Gauni lake la njano lilikuwa na njano yake kila skrini: ya ndizi mbivu, ya limau, ya ukuta uliopigwa jua miaka mingi. Mwanga wao ulitufikia usoni. Nilihisi kama tumeingia chumbani kwake bila hodi.

Baba alianza kutembea mbele yao, mikono nyuma, kama zamani akikagua kazi ya vibarua.

"Hii wamezidisha maji," alisema. "Hii imekolea mno, itababuka. Hii hapa, haya, angalau."

"Baba, na mwanamke je?"

"Mwanamke yupi?"

"Si huyo aliyevaa gauni!"

Alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mke wa mtu. "Amependeza," alisema, akapita.

Mama Waya, ambaye ukimya humuumiza meno, akanigeukia na habari za diski. Akaniwekea mezani mbili: ndogo ya kasi, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya kufanyia kazi, na kubwa ya kutunzia.

"Na picha unayoipenda iweke kwenye zote mbili," alisema. "Diski haiagi, mwenzangu. Ikiamua kuondoka, imeondoka."

"Nifungie zote," nilisema, macho yangu yako kwa baba.

Alishafika karibu na mwisho wa ukuta. Zilibaki skrini chache tu, na hasira ikanipanda. Msinilaumu, mashangazi zangu husema hasira hizi ni za mama, nami huwakatalia kwa hasira zaidi.

"Baba! Achana na gauni! Mwangalie usoni, ni mkeo huyo! Unataka wangapi ndio umjue?"

Aligeuka, akaniangalia kwa upole. "Dada," aliniambia, "usigombe. Mbona unagomba na watu usiowajua?"

Dada. Basi na mimi nimekwenda. Nilisimama pale nyuma yake, mkono kiunoni, nikabenua mdomo ili nisilie mbele ya watu.

Baba alipiga hatua moja tena. Skrini ya mwisho ilikuwa haina waya, imezimwa, nyeusi tii, kioo chake kinang'aa kama maji ya mtungini. Akainama. Akasimama wima. Taratibu akaanza kuiweka sawa kola ya shati lake.

"Pilipili," alisema. "Umenuna nini tena?"

Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuitwa hivyo. Lilikuwa jina la mama, la chumbani na jikoni, baba peke yake ndiye aliyelitumia. Nilitazama mle ndani ya weusi: begani kwa baba, amesimama mwanamke, mkono kiunoni, mdomo umebenuka.

Sijui nani alinipa sauti. "Nisinune? Kwani wewe ulikuwa unazurura wapi?"

Baba alicheka. Mungu wangu, alivyocheka! "Nimekuja, bwana," alikiambia kioo. "Nimekuja."

Mama Waya alikuja mbio na waya mkononi. "Ngoja niiwashe, baba, uione!"

"Usiwashe!" nilimkemea hadi akaruka. "Nachukua hiyo hiyo."

"Hujaona hata rangi zake!"

"Ziko sawa," nilisema, na hapo ndipo nilipolia.

Picha ya mama iko kwenye diski zote mbili sasa. Asubuhi, kabla sijaanza kazi, baba huvuta kiti chake, akakaa mbele ya skrini iliyozimwa, akaiweka sawa kola yake. Nami nasimama nyuma yake, naweka mkono kiunoni, nanuna.