Sifuri ya Hidaya

Hatibu bin Pazi alikuwa mwalimu wa shule ya serikali mjini Morogoro, na Kijerumani chake kilikuwa safi kiasi kwamba wageni wa boma walimgombea awe mkalimani wao. Ndivyo alivyokabidhiwa kwa Daktari Brehmke, mwaka 1912.

Daktari huyu hakutibu mtu. Kwao Ujerumani aliwafundisha vijana wa chuo kikuu elimu ya nafsi, ile ambayo leo tunaiita saikolojia. Alishuka stesheni na masanduku manne, saa ya kupimia vipande vya sekunde, na rundo la kadi.

"Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanasoma akili ya Mzungu tu," alimwambia Hatibu. "Nataka wasome na ya kwenu."

Hatibu alifurahi mno. Akampandisha mlimani, juu ya Kiroka, hadi kwa dada yake mkubwa, Hidaya. Hidaya alikuwa kungwi. Alikwisha kufunda wali, wasichana waliovunja ungo, zaidi ya arobaini, na nyimbo na mafumbo yote ya mafunzo yao alikuwa nayo kichwani, pamoja na majina ya mama wa ukoo hadi kizazi cha tisa. Hatibu aliamini kwamba Uluguru nzima Daktari asingepata kichwa kinachokishinda kile.

Daktari akatoa kadi. Hatibu alitakiwa kusoma silabi kumi na mbili zisizo na maana, bap, lof, mez, tur na nyinginezo, kisha Hidaya azirudie.

"Maneno haya ni ya nani?" Hidaya akauliza.

"Si ya mtu, dada. Yametungwa tu kupima kumbukumbu."

"Nina mwali ndani. Sitamki nisichokijua karibu yake. Mwambie nakataa. Akitaka kupima kumbukumbu yangu, aniulize ninachokijua."

Hatibu akatafsiri bila kupunguza neno. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. Hatibu akachungulia daftari, akaona sifuri.

"Bwana Daktari, hakusahau. Amekataa."

"Nimekusikia," Daktari akasema, akafunua ukurasa mwingine.

Wiki tatu baadaye Daktari alitangaza mhadhara katika hoteli ya Wazungu karibu na stesheni. Alitaka kuujaribu kwanza kwa maofisa na walowezi kabla ya kwenda kuwasomea wanafunzi wake. Akamwambia Hatibu amlete dada yake, naye atapewa nafasi ya kusema. Hidaya hakutaka. Hatibu akambembeleza siku mbili, mpaka akateremka.

Walimketisha mbele, kwenye kiti, kando ya ubao. Daktari akaandika kwa chaki: mtoto wa Kijerumani wa miaka sita, silabi tano. Chini yake akaandika: mwalimu wa wanawake wa Kiluguru, sifuri. Ukumbi ukacheka.

"Wanacheka nini?" Hidaya akamuuliza ndugu yake.

Hatibu hakuweza kumjibu. Akasimama, akasema kwa Kijerumani, pole pole ili kila mtu asikie: "Mwanamke huyu hakupimwa. Alikataa. Nilimwambia Daktari siku ile ile, naye alinisikia."

Mke wa mlowezi mmoja akauliza kama ni kweli.

Daktari hakuona haya hata kidogo. "Ni kweli alikataa," akasema. "Lakini jedwali langu halina safu ya kukataa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ukimpa mambo mengi anachanganyikiwa. Anahitaji mfano ulio wazi."

Hatibu akauendea ubao, akaifuta ile sifuri kwa kiganja. Askari wawili wakamkamata. Kabla hawajamfikisha mlangoni alisikia chaki ikigonga ubao; Daktari alikuwa anairudisha.

Alichapwa viboko ishirini na vitano kwa utovu wa adabu, akafukuzwa shule. Daktari akapanda treni ya Dar es Salaam na masanduku yake yote manne.

Hidaya ndiye aliyemuuguza mgongo. Siku tano alimkanda kwa dawa bila kusema naye. Siku ya sita akasema, "Wao siwalaumu sana, siwajui. Wewe nakujua. Daftari lilikuwa lake, lakini sauti iliyoniambia njoo ilikuwa yako."

"Nisamehe, dada."

"Bado."

Hatibu hakumwandikia Daktari. Aliwaandikia wanafunzi wake kule Ujerumani. Alijua masomo yao yanaanza Oktoba, kwa hiyo kila mwaka, mwezi mmoja kabla, aliandika kurasa mbili za Kijerumani kueleza sifuri ile ilivyopatikana, na kumpa Gulam, mwenye duka sokoni, ambaye nduguye alizipeleka posta ya Dar es Salaam. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili pia.

Ya tatu hata haikuondoka, kwa sababu vita vilikwisha kuanza na meli hazikwenda tena Ulaya. Hatibu aliiandika vivyo hivyo. Akapanda nayo Kiroka, pamoja na kalamu na wino, akaketi kizingitini na kumsomea dada yake, akiigeuza kuwa Kiluguru sentensi baada ya sentensi. Hidaya alikuwa anapepeta mpunga. Aliendelea kupepeta mpaka mwisho.

"Hapo katikati," akasema, "umeandika kwamba nilinyamaza waliponicheka. Sikunyamaza. Niliuliza wanacheka nini, na hukunijibu. Liandike hilo."

Hatibu akachovya kalamu, akaandika.