Maji Meupe ya Ukutani

Mwanangu Gjin alikuwa na wiki tatu, na maziwa yangu yalikuwa yamekauka kabisa baada ya homa. Duka la dawa lililo karibu na daraja lilikuwa na maziwa ya kopo tele. Lakini mama mkwe wangu, Gjyste, alilea watoto wake wote kwa titi, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kumpinga. Pashk, mume wangu, ndiye kabisa: mbele ya mama yake huwa mtulivu kama maji ya mtungini. Alishamwahidi kwamba kopo halitavuka mlango wetu.

"Mpelekeni ngomeni," alisema Gjyste. "Ukuta utampa maziwa. Sote tulikwenda."

"Mama, mtoto hata kulia halii tena."

"Basi ametulia. Wewe tu ndiye hutulii."

Tukapanda kilima, Pashk mbele, mimi nyuma na mtoto kifuani. Kule juu limebaki lango na kuta zilizobomoka, na chini kabisa mto Buna unapita zake bila habari na mtu. Ndani ya lango mawe hutoa jasho jeupe la chokaa. Nikafungua vifungo katika baridi ile, nikajipaka maji yale matitini kama wafanyavyo kina mama wa kwetu wakikosa maziwa, nikamwekea Gjin titi mdomoni. Hakunyonya. Chokaa ilimkaukia midomoni.

Pashk, eti kuniliwaza, akaanza hadithi tuliyolishwa sote utotoni. Ndugu watatu wanajenga ngome hii, usiku ukuta unaanguka. Wanaapa kwamba mke atakayeleta chakula kesho atajengewa ukutani akiwa hai, na asiambiwe mtu. Wakubwa wawili wanawanong'oneza wake zao wasije. Mdogo ananyamaza. Mkewe anakuja na kikapu, anajengewa, titi moja linaachwa nje kwa ajili ya mtoto wake, na maziwa yake, wanasema, ndiyo yanayotoka kwenye mawe mpaka leo.

"Yule mdogo ndiye mwanamume," akasema Pashk.

"Ungekuwa wewe, ungeniambia?"

Akacheka. "Dila, acha utoto."

"Nijibu."

"Ahadi ni deni, mke wangu."

Nilimchukia palepale, sifichi. Nikafunga vifungo, nikashuka mbio nikiteleza kwenye mawe.

"We mwanamke! Nyumbani si huko!" alinipigia kelele.

Sikugeuka mpaka duka la dawa.

Mwenye duka, mama mmoja wa makamo, aliponisikia tu alinyoosha mkono kuchukua kopo rafuni. Kisha akamtazama mtoto, akaliacha. Akaifungua shali, akaweka sikio kwenye kifua kile kidogo, akakaa hivyo muda mrefu.

"Keti, binti yangu," akaniambia.

Pashk akaingia akihema. Akamwona mwenye duka, akaniona mimi nimeketi sakafuni na mtoto, akaelewa. Akavua kofia yake, akaikunja mikononi.

"Sasa mama yangu tutamwambia nini?" akauliza.