Kichwa Kikapuni

"Kiache nje, Baba."

"Nje wapi? Nikiache kiliwe na mbwa wa matajiri?"

Fulgence Badiou alikihamishia kikapu mkono wa pili, akamtazama binti yake Noémie kwa jicho analotumia kutazama mchuzi uliokatika. Walikuwa wamesimama mlangoni pa kikanisa cha mfalme aliyekatwa kichwa, mitaa michache kutoka stesheni ya Saint-Lazare, baridi ya Januari ikiwatafuna masikio. Ndani ya kikapu, kimefungwa kwa kitambaa cha jikoni, kilikuwemo kichwa kizima cha ndama.

Kichwa hicho hakikuwepo kwa bahati mbaya. Kila tarehe ishirini na moja Januari, siku ambayo, zama za Mapinduzi, mfalme alipandishwa jukwaani akashushwa vipandevipande, Paris hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja huvaa nguo nyeusi likaenda misani kumlilia. Fungu jingine hukaa mezani likala kichwa cha ndama kwa sosi ya mayai na siki, na kila tonge ni salamu kwa Jamhuri. Fulgence, mpishi wa mgahawa mmoja mdogo wenye meza zinazoyumba, alizaliwa fungu la kula. Babake alikuwa fungu la kula. Babu yake, inasemekana, alikula vichwa viwili siku moja akaomba cha tatu, na alipoambiwa vimekwisha akauliza kama hakuna mfalme mwingine.

Mwaka huu kichwa kilichelewa bucha. Fulgence alikichukua asubuhi hiyohiyo, kibichi, hata hakijapata kulowekwa maji kikatoa damu, akakimbilia misani nacho. Jioni wenzake wangefika mgahawani na matumbo matupu.

"Uliniahidi," Noémie alisema. "Unakaa, unainamisha kichwa, unafunga mdomo. Basi. Mama yake Aymeric amesema hakai meza moja na mtu asiyemheshimu marehemu."

"Marehemu! Mtu aliyekufa kabla treni haijabuniwa!"

"Baba, nisikilize. Yule mama akikataa, Aymeric hana uti wa mgongo wa kunioa. Namjua. Nampenda hivyohivyo, lakini namjua."

Tangu mke wa Fulgence afariki, nyumba yake ilikuwa na sauti mbili tu, yake na ya huyu mtoto, na yake mwenyewe ilikwisha kumchosha. Akavua kofia. Kikapu hakukiacha.

Ndani kulinuka mishumaa na makabati ya zamani. Waombolezaji walikuwa wamebanana kama dagaa, mabwana wenye nyuso ndefu za farasi walionyimwa shayiri, mabibi wenye vito ambavyo, kwa macho ya Fulgence, vilikuwa vimetoka kwa muuza vioo. Kila mmoja alisimama kana kwamba mtu anamchora. Bwana mmoja aliitana na mwenzake "mtukufu" na "mtukufu" huku soksi ya mmoja wao ikichungulia kwenye tundu la kiatu.

Mfalme mwenyewe, wa marumaru nyeupe, alikuwa amepiga magoti macho juu, na malaika kando yake akimnyooshea kidole mbinguni, kama mhudumu anayemwelekeza mteja choo kilipo. Upande wa pili malkia alijiegemeza kwa mwanamke mwenye msalaba, mithili ya mke aliyekuja kumshtaki mume kwa shemeji.

"Wote wana vichwa," Fulgence alinong'ona. "Mchongaji kawarudishia."

Noémie akamfinya, nyama na ngozi.

Bibi de Courtavel, mama yake Aymeric, akawajia. Koti lake la manyoya lilikuwa limeliwa na nondo mabegani, hata yule mnyama ungesema kauawa mara mbili. Nyuma yake akaja Aymeric, kijana mrefu, mwembamba, aliyekuwa akimeza mate kila mamake alipomeza mate.

"Bwana Badiou. Kumbe umekuja." Akakitazama kikapu. "Umetuletea maua?"

"Ya aina yake, Bibi."

"Ya rangi gani?"

"Meupe," Fulgence alisema. "Yana wekundu kidogo kwenye shina."

"Yaweke miguuni pa mfalme, basi. Hapo ndipo pake."

Angefanyaje? Akakiweka. Kikapu kikakaa upande upande kwenye ukingo wa sanamu, katikati ya maua ya watu, naye akarudi kusimama na Noémie, moyo ukimcheka.

Misa ikaanza. Padre akasoma wosia wa mfalme, jinsi alivyowasamehe watu wote. Asante sana, Fulgence aliwaza. Katusamehe baada ya kula mkate wetu wote. Chini ya sakafu hii, enzi hizo palipokuwa makaburi, walitupwa pia wapishi, washona nguo na wauza mboga waliokatwa kwa panga lilelile. Hao hawakuchongewa hata ukucha. Wakubwa hawa walipita juu yao kwa viatu vilivyopigwa rangi, na hakuna aliyekuwa anawalilia. Maneno yakamjia mdomoni. Akayameza, moja moja, kama mtu anayemeza miba.

Ndipo kitambaa kikalowa.

Lilianza tone moja. Kisha uzi mwembamba, wa waridi, ukatambaa kutoka kwenye maua, ukaifuata mifereji ya joho la mfalme pale chini, ukasimama kidogo kana kwamba unafikiri, ukashuka sakafuni.

"Damu!" mama mmoja alipiga kelele. "Jamani, damu! Miguuni pake!"

Padre akanyamaza katikati ya neno. Watu wakasogea, wakaona, wakaanguka magotini mmoja baada ya mwingine, mafarasi wale wote, vito vikigongana. Bibi de Courtavel, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amekunja magoti hayo hata mbele ya daktari, alitua sakafuni kwa kishindo. "Anatulilia," alisema. "Siku yake hii hii. Anatulilia."

Mdomo wa Fulgence ukafunguka wenyewe. Ee Jamhuri tamu! Mabwana wa Ufaransa wamemsujudia ndama wa Normandi! Neno moja tu, na kicheko chake kingesikika mpaka Marseille. Wenzake wangesimulia, watoto wa wenzake wangesimulia, babu na vichwa vyake viwili angesahaulika kabisa.

Akamgeukia Noémie ili wacheke pamoja.

Noémie alikuwa ameshajua. Alikuwa ameganda, mikono kifuani, kama siku ile alipokuwa mdogo akashika bakuli la mamake aliloambiwa asilishike, na bakuli likaanza kumteleza. Hakumkonyeza wala hakumsihi. Alisubiri tu kuona babake ni mtu wa namna gani.

Na mbele, mtukufu mwenye soksi alikuwa ananyoosha mkono kuyasogeza maua.

Fulgence alifika pale kabla yake. Hakuna anayejua mpishi mzito vile alipitaje. Aliangusha magoti yote mawili mbele ya mfalme wa marumaru, akavua koti, akalitandaza juu ya kikapu, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa jiwe. Huko kaburini babu yake aligeuka kama mshikaki.

Padre alilitazama koti. Akakitazama kitambaa cha jikoni kilichochungulia pembeni, kisha akamtazama Fulgence, kwa muda. Halafu akaiendeleza misa kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Bibi de Courtavel akatoa hankachifu ya lesi. Aliichovya sakafuni taratibu, kama bibi zake walivyochovya zao katika damu ya mfalme siku ile jukwaani, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Fulgence, akiwa bado kifudifudi, alimwangalia kwa pembe ya jicho ili apate cha kudharau. Aliona vidole vyekundu, vimepasuka kwenye viungo, kucha zimekatwa fupi. Aliijua mikono ya namna hiyo. Ni ya mtu anayesugua masufuria yake mwenyewe kwa maji baridi, na asiyetaka mtu ajue.

Hata hivyo koti lake la manyoya lilinuka.

"Bwana Badiou," alisema mama yule kwa sauti ya kukwaruza. "Umepiga magoti."

"Magoti mabovu haya, Bibi. Yakishuka hayapandi."

"Usinidanganye. Nimekuona kwa macho yangu." Akaikunja hankachifu, akamtilia kiganjani, akakifunga kiganja kwa vidole vyake vilivyopasuka. "Mtunzie mwanao. Ataivaa kifuani siku ya harusi."

Nyuma yake Aymeric akameza mate. Noémie akaanza kulia, na watu wakaona ni ibada.

Jioni mgahawa ulijaa moshi na kelele. Wenzake walipiga meza kwa visu. "Fulgence! Mfalme yuko tayari?" alipaza sauti Gaspard, fundi bomba. "Tumesikia huko kwa watu wa mfalme kumetokea muujiza! Ulikuwepo, mzee? Hebu tupe habari!"

"Nilikuwa nanunua viazi," Fulgence alijibu kutoka jikoni.

"Muongo mkubwa!"

"Viazi, nimesema."

Akaufunga mlango kwa kisigino. Hankachifu ilikuwa imening'inia kwenye kamba juu ya jiko, kati ya matambaa ya kufutia masufuria, ikikauka na kukakamaa. Mara mbili alikuwa ameishusha aitie kwenye maji ya sabuni, na mara mbili akairudisha. Akakitumbukiza kwenye chungu kichwa, alichokitoa kanisani kimefunikwa koti. Kikazama, kikageuka, kikaibuka polepole kwenye povu, jicho moja juu.

Fulgence alisimama na mfuniko mkononi. Kisha, kabla ya kufunika, akavua kofia yake ya upishi kwanza.