Sumaku Hatoi Mpira

Du, du, du, kisha kimya.

Fundi rangi alisimama kwenye korido ya kituo cha wazee, mkoba wa brashi begani. Kimya kile alikijua. Baba yake ameukamata mpira tena.

Akasukuma mlango. Ndani, wazee ambao usahaulifu ndio kwanza umewaanza walikuwa wamesimama duara. Mpira ulipaswa kudundishwa kwa jirani, anayeutoa akitaja tunda. Baba alikuwa ameukumbatia kifuani, huku akiwapungia wenzake waende mbele. Ujanani alikuwa kipa, na mashabiki walimwita Sumaku.

"Mzee wangu, mpe jirani," mwalimu wa mazoezi alimbembeleza.

"Nimpe huyu? Amesimama golini kwangu anafanya nini? Pandeni."

"Miguu yangu haipandi hata ngazi," jirani alijibu. "Toa mpira, bahili we."

Mwalimu alimsogelea fundi rangi. "Dada, kila siku ni hivi. Wenzake wanachoka kusubiri. Leo akigoma tena, itabidi abaki nyumbani."

Nyumbani ni kiti cha dirishani, na baba kutwa nzima bila neno, akififia. Alitaka kuomba, lakini akayaona macho ya mzee. Yalikuwa yanawaka, yanatafuta. Kipa gani atampa mpira mtu wa ubavuni, na mbele kweupe?

Akautupa mkoba, akatimua mbio mpaka ukuta wa mwisho, akainua mkono. "Baba, niko peke yangu huku."

Mzee akapiga hatua, mkono ukazunguka, mpira ukapaa juu ya vichwa vyote na kutua kifuani mwa bintiye.

"Nanasi," alisema baba, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule jirani wa miguu mibovu alishafika katikati: "Na mimi nipo wazi, Sumaku." Bibi wa mkongojo akampiga kumbo akipita. Wengine wakafuata, na mwalimu akawa anaburuta viti kuwapisha, jasho linamtiririka.

"Taratibu, tusivunjane," alisema akihema. "Sijawahi kuwaona wakitembea hivi. Dada, habaki mtu nyumbani."

Baba alimkazia macho bintiye. "Mwanangu, mechi ijayo upo? Maana hawa wanachelewa kupanda."

Kulikuwa na nyumba nzima ya mteja inayosubiri rangi. Hata hakusita.

"Nipo, baba," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Kila mechi, namba tisa wako ni mimi."